Bahasha Isiyokunjika

Sipatani na harufu ya picha ya eksirei. Majuzi hospitalini nilikabidhiwa ya goti langu, inanuka plastiki na dawa, nikainunia kama mtu aliyenikosea. Muuguzi akadhani maumivu yamezidi. Wala. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi.

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi mtaa wa Kambarage: mimi, mama, na huyo shangazi, dada wa baba. Baba mwenyewe alikuwa machimboni Geita. Mnaijua ile ya kikulacho ki nguoni mwako. Chetu sisi kilivaa hadi kanga za mama, na siku ya kuku kilipewa paja.

Mwaka ule nilipigwa picha shuleni, sare imepigwa pasi, kichwa kinameremeta mafuta. Nikataka baba aione, tena imfikie ikiwa imenyooka, maana barua zilifika Geita zimekunjamana kama noti ya mlevi. Nikatia kipande cha boksi la sabuni ndani ya bahasha ili iwe ngumu. Shangazi akaipima kiganjani, akasonya.

"Nzito hii, ng'wanone. Posta watataka stempu nyingine."

Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma. Alivyolitamka ungedhani alinizaa. Nikatoa boksi, nikaweka jalada la daftari. Akalikunja kwa vidole viwili.

"Laini mno. Chini ya godoro la mama yako kuna ile karatasi nyeusi ya hospitali. Nyepesi, ngumu, wala hailowi. Na mama akikuuliza, sema umebuni mwenyewe, ajue una akili."

Nikaitoa, nikaiinua dirishani. Mbavu nyeupe zikaonekana. Nikakata vipande viwili vya kuenea bahasha, picha yangu nikaiweka katikati. Bahasha ilisimama wima yenyewe mezani, nami nikacheka kwa furaha. Masalia shangazi aliyatia motoni, yakatoa moshi mweusi uliotukohoza wote wawili. Kesho yake nikapeleka posta.

Wiki mbili baadaye mama aliinua godoro. Alitafuta kitandani, kabatini, hadi kwenye debe la unga. Kisha akaniita.

"Nani kakwambia uichukue?"

Shangazi alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nimebuni mwenyewe, mama," nilijibu, kifua mbele. "Picha imfikie baba bila kukunjika."

Mama hakunichapa. Alikaa chini sakafuni, nami nikangoja kusifiwa.

Siku chache baadaye alikwenda mahakamani, akarudi, tukahama. Sikuelewa chochote hadi alipofariki, mimi tayari nina watoto wangu. Matangani mama mdogo ndiye aliyenisimulia. Baba ndiye aliyezivunja zile mbavu. Mama alikuwa amemshtaki, na ile karatasi nyeusi ndiyo iliyokuwa ushahidi wake. Baba alisimama mbele ya hakimu akasema mke wake ni mwongo, na mama hakuwa na cha kuonyesha.

Shangazi yu hai, yuko Runzewe, na huwatuma watu waniulize kwa nini simwamkii. Shikamoo yangu haipati hadi aingie kaburini. Lakini hata nikimchukia vipi, aliyetamka neno "mwenyewe" ni mimi. Mama alizikwa akiamini kwamba kati yake na mtu aliyemvunja mbavu, mwanawe alimchagua yule mtu.