Tulivyokimbia na Mwiko Mkononi

Mwaka ule wa vita mama alianza kuumwa kichwa kila alipoinama kulima. Baba akampeleka hospitali ya misheni, Rulenge, nami nikaenda nao kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kazi yangu ilikuwa kumbeba mdogo wangu mgongoni. Daktari alimfunga mama mpira mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaufungua, kisha akamfunga tena kama mtu asiyeamini. Presha ilikuwa juu.

"Chumvi punguza, mafuta punguza, mboga za majani ongeza," alisema. "Na kila asubuhi tembea haraka, au kimbia kidogo."

"Mbona nalima kila siku?" mama akauliza.

"Kulima unainama mahali pamoja. Mimi nataka moyo ufanye kazi. Siku utakayopanda mlima wa kwenu huku unaongea, ujue unapona."

Mama alijifunga kanga, tukaondoka. Bibi, mama yake mzazi, alianguka shambani akiwa ameshika jembe, na hakuinuka tena. Njia nzima ya kurudi kwetu, upande wa Mabawe, sikuwaza kitu kingine.

Upande wa chakula haukutusumbua. Duka la kijiji halikuwa na chumvi, halikuwa na mafuta, na sukari tulikuwa tumesahau rangi yake. Baba alipita akijisifu kwamba familia yake inafuata masharti ya daktari. Kijiji kizima kilikuwa kinayafuata, ila wenzetu walikuwa wananung'unika. Tulikula ndizi na maharage, mchicha, na isombe, yale majani ya muhogo, yaliyotwangwa na karanga kidogo. Tatizo la mama lilikuwa makombo. Alikuwa na tabia ya kumalizia kila sahani ya mtoto ili chakula kisipotee. Baba akaamuru makombo wapewe kuku. Kuku wakanenepa, mama akawatazama kwa wivu.

Shida ilikuwa kukimbia. Baba aliamua tukimbie wote kabla ya kwenda shamba la ujamaa, ili mama asione haya peke yake. Aliyeona haya ni mimi. Nyumba za kijiji zilipangwa mstari mmoja, kuanzia kisimani bondeni hadi juu kabisa kwa mjumbe wa nyumba kumi, na kila mlango ulitazama njia. Tena kwetu mtu mzima hakimbii hivi hivi. Akikimbia, kuna msiba au nyumba inaungua. Na mwaka ule, kwa habari tulizosikia kwenye redio ya mjumbe, kulikuwa na sababu nyingine: adui amefika.

Asubuhi ya kwanza tulitoka kisimani, baba mbele, mama nyuma yake, mimi wa mwisho nimejifunika uso kwa kanga. Hatukuwa tumefika mbali fujo ilipoanza. Nyuma yetu wanawake walianza kulia bila kujua wanamlilia nani. Wanaume walitoka na majembe ya kuchimbia kaburi, wengine na mikuki. Jirani mmoja akashika njia ya Burundi akiwa amebeba kinu kichwani.

"Nani amefariki?" watu waliuliza.

"Hakuna!" baba akajibu, akiendelea kukimbia.

"Sasa mnamkimbia nani?"

"Presha!"

Wakaanza kukimbia na wao.

Mjumbe alitusimamisha mlangoni kwake. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee mjumbe," akaitika huku amekunja uso. Baba akamweleza habari za daktari.

"Ndugu, umetoa kijiji kizima kitandani kwa ajili ya mboga za majani?"

"Ni kwa ajili ya mke wangu, mzee. Tukiacha, atatufia."

Mjumbe alimtazama mama, aliyekuwa ameketi chini akitafuta pumzi. Akafikiri sana. Kisha akatoa amri: kuanzia siku ile, anayekimbia kwa afya ashike mwiko. "Nani aliwahi kukimbilia msibani na mwiko? Tukiona mwiko, tunajua ni mambo ya lishe. Tunabaki tumekaa."

Basi tukawa tunakimbia na miiko. Watu walizoea, hata wakapata la kusema. "Leo mnapika nini huko mlimani?" "Mama, ugali utaungua, kimbia!" Mama alijaribu kuwajibu, maana hapendi kutaniwa akanyamaza. Lakini katikati ya mlima palikuwa na jiwe kubwa la kuanikia mtama, na maneno yake yote yaliishia pale. Alianza sentensi kisimani, ikamfia kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nasikiliza kila siku. Aliponyamaza, nilimwona bibi na jembe lake.

Wengine wakaanza kutuiga, na mwishowe mjumbe mwenyewe. Mke wake alikataa kumpikia maharage yasiyo na chumvi tangu siku chumvi ilipoonekana dukani. Kwa hiyo mzee akawa anajipikia, jambo ambalo hakuna mwanamume wa kijiji aliyetaka kulishuhudia.

Siku moja tukiwa kisimani, baada ya mbio zetu, tukamwona mjumbe anashuka mlima kasi sana, mwiko mkononi. Alikuwa anakohoa tu, sauti haitoki.

"Vizuri, mzee!" watu walimpigia makofi milangoni. "Inua magoti!"

Mjumbe akapunga mwiko. Nao wakampungia.

Mama alisimama na debe lake, akamtazama. "Ule mwiko unadondosha maharage," alisema. "Yetu ni mikavu."

Hakungoja jibu. Alijitwika debe limejaa, akaanza kupanda. "Mnapiga makofi nini? Jiko la mzee linaungua! Hamuoni moshi? Au mmezoea kutazama miguu ya watu tu? Wewe, lete maji! Na wewe uliyekimbia na kinu, leo umekaa?" Nilimfuata na kibuyu changu. Watu wakaanza kutoka, wengine bado wanacheka, hadi walipoona moshi juu ya paa.

Akafika kwenye jiwe. Nikatega sikio.

"Na mzee mwenyewe," mama aliendelea, "anaacha moto unawaka chini ya paa la nyasi kavu, kwani hana mke? Chumvi ndiyo ya kugombania hadi nyumba iungue?"

Akalipita jiwe. Baba alikuwa nyuma yangu na ndoo, anahema, machozi yanamtoka, sijui ni moshi.

"Msikilize mama yako," aliniambia. "Anagomba mlimani."

Aligomba hadi mlangoni kwa mjumbe, akamwaga maji juu ya paa, akageuka kudai debe la pili.