Mboga Zenye Matobo

Mtaani walimwita Mama Matobo, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa fundi cherehani. Kutwa alikaa kibarazani akiziba matobo ya suruali za watu, na jioni alikwenda gengeni kutafuta matobo mengine kwenye majani ya mboga. Jani zima, laini, linalong'aa kama limepakwa mafuta, alilisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Lililotafunwa na viwavi ndilo alilolitia kikapuni.

"Kama mdudu kala hapa na bado yu hai," alimwambia muuzaji, "basi hata mimi nitaishi."

Wauzaji walicheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Mtu aliyeona aliyoyaona yeye hafanyi mzaha na mboga.

Mumewe alikuwa mpiga dawa katika shamba kubwa la kampuni, lile linaloanza ng'ambo ya barabara ya lami na kuishia pasipoonekana. Alibeba bomba mgongoni tangu asubuhi, bila barakoa wala glavu, kwa kuwa msimamizi aliwaambia dawa ile hata mtu akiinywa haina neno. Msimamizi mwenyewe hakuinywa. Jioni mume alirudi na shati limelowa, linanuka harufu ya ajabu, kama kitunguu saumu kilichooza kikamwagiwa mafuta ya taa. Fua utakavyofua, haitoki.

Hata hivyo walikuwa na raha zao. Macho ya mke yalikuwa yameanza kuchoka, basi kila jioni mume aliketi kwenye kigoda akamtilia uzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji ziwe tayari kwa kazi ya kesho. Siku moja uzi ukakataa kuingia. Akaulamba, akausokota, akajaribu tena. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Wakacheka wote wawili, wakasema uzee umebisha hodi mapema. Haukuwa uzee. Mwaka haukuisha kabla hajashindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, na siku ya mazishi kampuni ilituma shada la maua pamoja na kreti la nyanya. Nyanya zilikuwa nzuri kwelikweli, na mjane alizitupa chooni.

Tangu hapo hofu ilihamia kwake kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama. Aliogopa nyanya, aliogopa kabichi, aliogopa hata maji ya mvua yaliyotiririka kutoka upande wa shamba. Wengine wakiogopa hujifungia ndani. Huyu alitoka nje. Kila mwanamke aliyeleta sketi kupunguzwa aliondoka na sketi yake pamoja na hotuba asiyoiomba, na hivyo ndivyo kikundi cha akina mama kilivyozaliwa pale kibarazani. Waliapa kutonunua tena jani la kampuni. Walisimama mlangoni mwa soko na mabango waliyoyashona wenyewe kwa mabaki ya vitambaa, ya rangi zote, mengine yakiwa bado na maua ya pazia.

Lakini watu lazima wale. Akina mama wakamwendea shemeji yake Mama Matobo, mdogo wa marehemu, aliyekuwa na vitalu vyake kando ya kijito. Huyo ndiye aliyemshika mkono msiba ulipomwacha hana mbele wala nyuma, akamlishia binti yake mpaka akakua. Akina mama walimwamini kwa sababu Mama Matobo alimwamini, na kipimo kilikuwa kimoja tu, kile alichowafundisha yeye. Mboga yenye matobo inanunuliwa. Isiyo na matobo inarudi ilikotoka.

Ushindi wao mkubwa ulikuwa shule ya chekechea. Mwalimu mkuu alivutwa huku na huku, mwishowe akakubali kuachana na mboga za kampuni na kuwapikia watoto za kijitoni. Miongoni mwa watoto hao alikuwemo mjukuu wa Mama Matobo, aliyeachiwa na binti yake anayefanya kazi mji mwingine. Habari zilipofika kampuni, afisa mauzo wao, bwana wa tabasamu lisilokauka, alipita kibarazani kwa miguu yake.

"Hongera, mama," alisema. "Ila siku mboga zenu zikimdhuru hata mtoto mmoja, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuja kukupa pole."

Alilisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomkaa mama wa watu kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ya siku ambayo watoto wangeanza kula mboga hizo, mkokoteni wa shemeji ulipita ukielekea shuleni na kumwachia fungu lake kama kawaida. Aliweka kazi kando akaanza kuchambua. Matobo yalikuwa mazuri, mengi, ya kila umbo, na alikaribia kuimba. Ndipo jicho la fundi likagutuka. Kitambaa kilichochanika leo kina nyuzi mbichi pembezoni, na kilichochanika zamani huwa kimesinyaa na kuingia weusi. Haya matobo yote yalikuwa yamesinyaa. Alitafuta tobo moja jipya, moja tu, hakuliona. Wala hapakuwa na vinyesi vibichi vya viwavi walio hai. Akainua kifuko kilicholetewa mboga akakikung'uta. Viwavi wakadondoka chini, wakavu, wamejikunja.

Akapeleka jani puani. Harufu ile ile: alikuwa mumewe, amerudi kutoka kazini.

Akakaa chini pale pale kwenye vipande vya nguo. Aliogopa, na aliogopa mambo mengi kwa pamoja hata asijue aanze na lipi. Labda pua yake imeingiwa na wazimu, inanusa marehemu kila mahali. Labda atakwenda kupiga kelele shuleni na ikaonekana ni bure, halafu nani atawasikiliza tena akina mama wa mabango? Na kama si bure, basi kikundi kimekwisha, shemeji kaumbuka, na yule wa tabasamu kapata alichokingojea. Angeweza kunyamaza. Ndiyo, wazo hilo lilimjia, tusimpambe. Kisha akamwona kwa mawazo mjukuu wake alivyotoka asubuhi, na kisahani chake kipya cha bati akikigonga kwa kijiko njia nzima.

Alimpigia simu mwalimu mkuu. Ikaita, ikaita, ikakata. Basi akatoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, jani likiwa ndani ya ngumi. Watu walimsalimia njiani, naye hakuitika, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Alipoingia uani mwa shule, sufuria lilikuwa limekwisha kuepuliwa na watoto wamepanga mstari. Kwenye baraza alikaa mwalimu mkuu na, kando yake, afisa mauzo, amekuja "kutazama tu". Mjukuu alikuwa wa mbele kabisa. Sahani ilikuwa imejaa wali na mboga, na kijiko kiko njiani kwenda mdomoni.

Mama Matobo hakuita wala hakueleza. Aliipiga ile sahani kwa kofi, ikaruka, wali ukatapakaa. Mtoto akaangua kilio.

"Msile! Mtu asile!"

"Mama, kuna nini?" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama. "Si mboga zenu hizi? Si wewe uliyeniambia ni salama?"

"Ni mimi." Alinyoosha ngumi yenye jani. "Mimi ndiye niliyesema. Zina dawa, mwalimu. Nilikosea. Mwageni."

Mpishi aliweka mwiko chini taratibu. "Mimi nimeonja chumvi," alisema, akaanza kutema mate, kisha akakimbilia bombani kusukutua.

Watoto wakatazamana. Afisa mauzo aliinuka, akajikung'uta suruali, akamjia. Ahadi ni deni kwa watu wa aina yake tu pale inapowafaa. "Pole sana, mama," alimwambia, na safari hii tabasamu lilikuwa la kweli.

Mchana ule ule Mama Matobo alimshika mjukuu mkono wakaenda hadi kijitoni. Shemeji alikuwa akipalilia. Alipoona mboga mkononi mwa Mama Matobo hakusubiri kuulizwa.

"Mlitaka matobo," alisema. "Shemeji, viwavi hawali kistaarabu. Wakishaanza wanamaliza kitalu chote. Nikawa nawaacha wale kidogo, matobo yaonekane, halafu ndipo napiga dawa."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kurudisha zilizo nzima. Ila huwa nangoja harufu iishe ndipo nachuma; safari hii shule ilitaka nyingi, sikungoja."

Ikamwingia polepole. Tangu mwanzo, basi. Tangu alipowafundisha wenzake kipimo.

"Kaka yako alikufa na hiyo dawa," alisema. "Ulimbeba wewe mwenyewe hadi kaburini."

"Sijasahau, shemeji. Mimi navaa barakoa."

Alilisema kama mtu anayejitetea vizuri. Mama Matobo alimtazama, akatafuta hasira, akakuta hofu imejaa hadi mlangoni, hasira haina pa kukaa. Hapo mjukuu, aliyekuwa akizurura, akaita kutoka nyuma ya nyumba. "Bibi, njoo uone, huku kuna viwavi!"

Akaenda. Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta dogo, limezungushiwa miiba kuku wasiingie. Majani yalikuwa na matobo mabichi, na viwavi wanene wa kijani walikuwa wakitafuna bila wasiwasi.

"La nani hili?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

Shemeji aliangalia jembe lake. "La nyumbani," akasema. "La watoto wangu."

Hawakuagana. Njiani kurudi mtoto alizungumza mfululizo juu ya viwavi, na bibi aliitikia bila kusikia. Alikuwa akikumbuka kila sufuria la mboga alilompikia, kila kijiko alichomsukumia mdomoni akikataa. Kula mwanangu, hizi ni salama, hizi bibi kazichagua mwenyewe. Alimlisha hata siku alipokuwa na homa, ili apate nguvu.

Walipofika, kibaraza kilikuwa kama alivyokiacha, majani yametapakaa kati ya vitambaa. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda. Akatoa sindano na uzi.

"Hebu mtilie bibi uzi."

Mtoto alitoa ulimi pembeni mwa mdomo, akafumba jicho moja kwa mbwembwe, akausukuma uzi. Ukapita mara ya kwanza. Vidole vilikuwa vimetulia kabisa. Bibi akashusha pumzi aliyoibeba tangu asubuhi, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa.

"Sasa zamu yako, bibi," alisema mtoto, akamkabidhi sindano nyingine.

Bibi alivaa miwani. Akaulamba uzi, akausokota, akaupeleka kwenye tundu. Uzi ukapita kushoto. Akajaribu tena, ukapita kulia. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

"Bibi, unaogopa?"

"Ndiyo," alisema upesi. "Naogopa tu, mjukuu wangu. Ni woga tu."

Akaulaza mkono juu ya cherehani, akaukandamiza kwa ule mwingine, akakaa akisubiri utulie.