Bwana wa Chelangat

Nakumbuka siku moja niliyotoka nyumbani kwangu hapa Kimulot nimevaa koti la marehemu mume wangu, mvua ikininyea, nikielekea zahanati kwa sababu bwana wa Chelangat alikuwa ameitwa. Bwana huyo ni mimi. Usicheke, mwanangu. Ama cheka kidogo halafu uketi, maana juzi tu umepewa begi la mhudumu wa afya, na kuna jambo ambalo sidhani walikufundisha kwenye semina.

Wewe ni wa hapa, desturi yetu unaijua. Mume wangu alifariki bila kuniachia mtoto. Mwanamke kama mimi anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ndivyo nilivyomwoa Chelangat. Kwao Ndanai walikuwa wamemchoka kwa sababu alizaa binti bila ndoa. Alikuja na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye Chebet anayeniita kogo, nyanya yake.

Nilitaka na mvulana. Nasema wazi, nilimtaka sana. Atazaliwa na nani, hilo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Alipatikana dereva wa lori la kubeba majani ya chai, mtu mpole, si wa ukoo wetu. Shida yake ni kwamba kila kituo alichosimamisha lori alikuwa na mwanamke. Chelangat alijua hivyo. Lakini angemshtaki kwa nani? Hakuwa mumewe wa kuitwa mbele ya wazee, na kanisani akina mama walishazoea kusogea akikaa karibu nao.

Basi akasikia kwenye kituo cha kupimia majani ya chai kwamba kuna dawa ya mtu ambaye bado hana virusi, kidonge kimoja kila siku, ili visimwingie. Nyinyi vijana mnaiita prep. Akaenda zahanati peke yake. Akapimwa, hana. Halafu nesi, kijana mdogo tu, akamuuliza mbele ya foleni, "Na bwana yako ako wapi? Mlete mpimwe pamoja, ndio nikuanzishie." Chelangat akasema bwana yake ni mwanamke. Benchi lote likacheka.

Alirudi mikono mitupu, akapita mlango wa nyumba bila kuingia, akaenda shambani kuchuma. Alichuma mpaka majani machanga na makuukuu akayachanganya, yeye ambaye kikapu chake hakijawahi kukataliwa. Nilipomuuliza, akanieleza huku akiendelea kuchuma. Akamaliza hivi: "Wacha tu, Mama. Hiyo dawa ni ya wale wako na bwana wa kawaida."

Moyo haukutulia. Niliwasha moto, nikauacha. Nilianza kukamua ng'ombe, nikasahau ndoo mpaka akaipiga teke. Nilikuwa nikimwona dada yangu.

Dada yangu mkubwa naye aliolewa na mwanamke, nikiwa msichana. Akaugua wakati ule ugonjwa huu ulikuwa hautajwi jina, watu wakisema amerogwa. Kikombe chake kilitengwa, na baadaye akatengwa mwenyewe katika kibanda nyuma ya nyumba. Siku ya mazishi boma lilijaa watu, wengine wakakosa pa kusimama. Mama yangu aliwatazama, akaniuliza, "Hawa wote walikuwa wapi?" Swali hilo limezeeka pamoja nami.

Ndiyo maana nilivaa koti. Baridi ilikuwepo, sikatai, lakini nilitaka pia waone kwamba mwenye nyumba amekuja. Chelangat alinifuata nyuma akinisihi turudi. Tulipofika niliipita foleni nzima, nikasimama mbele ya nesi.

"Umeita bwana ya Chelangat," nikamwambia. "Nimekuja. Nipime."

Akatabasamu akidhani ni mzaha. "Shosh, mimi nilimaanisha mwanaume."

"Ng'ombe nilitoa mimi. Mtoto wake akiugua, nalala macho mimi. Sasa huyo mwanaume unataka nikutolee wapi?"

Benchi halikucheka. Nesi alinitazama, akalitazama koti lililokuwa likichuruza maji sakafuni, akasimama. Nampa haki yake: hakubishana tena. Alitupeleka chumba cha ndani, akafunga mlango, akamwomba Chelangat msamaha. Akatuambia kwamba hata sheria yao haidai mtu alete mwenzake, alisema tu kwa mazoea. Kisha akampa kichupa cha vidonge, akaeleza vizuri, bila haraka: hata akipata mimba dawa haimdhuru, haizuii magonjwa mengine ya zinaa, na asiiache bila kuja kuuliza. Na mimi pia nilipimwa, mwanangu. Nilikuwa nimeshasema.

Ukidhani hapo ndipo mambo yaliisha, hii kazi bado hujaiona. Siku za kwanza kichefuchefu kilimshika Chelangat, chai ikamshinda hata kuinusa, naye ndiye mchumaji. Halafu kuna mlio wa kile kichupa. Ukikitikisa kinalia, na kila mtu hapa anaujua mlio wa vidonge vya wenye virusi. Alikivingirisha kwa kitambaa, akakificha ndani ya kibuyu kikuukuu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ambacho hatukitumii tena. Kila asubuhi mimi nilisikiliza kibuyu kikiteremshwa. Nisipokisikia nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, sitaki kumuuliza, na kutouliza siwezi.

Siku moja dereva akakiona. Aliniita nje na kichupa mkononi, upole wote umemtoka. "Huyu ni mgonjwa, na hamkuniambia."

"Si mgonjwa. Anajikinga."

"Na nani?"

"Na wewe," nikamwambia.

Akasema Chelangat achague moja, yeye au dawa. Hapo, mwanangu, nilishikwa. Mvulana wa nyumba yangu alikuwa amesimama pale mlangoni, hajazaliwa, na mtu huyu alikuwa anaondoka naye. Nilitaka kumwambia ngoja, tuzungumze. Nikageuka nikamwona Chelangat jikoni, Chebet amemshika nguo, naye ananitazama mimi. Hakumtazama yule mwanaume hata kidogo. Alitaka kujua bwana wake atasema nini.

Nilimnyang'anya dereva kichupa, nikamrudishia Chelangat. "Lori lako linazuia njia," nikamwambia. Hajarudi. Mvulana sijampata, na siku nyingine huwa ninaumia, lakini Chelangat sasa ana mtu mwingine na bado yuko mzima, na kila akipimwa hana. Hilo silijutii hata siku moja.

Tangu wakati ule, kila siku ya kuchukua dawa nilimsindikiza nikakaa naye kwenye lile benchi. Sasa magoti yamenikataa. Safari iliyopita alikwenda peke yake, akawakuta akina mama wa kanisa pale langoni, akageuka. Aliniambia kumefungwa. Nilijua hakujafungwa. Vidonge vimebaki kidogo sana, kibuyu kinateremshwa taratibu kama kitu kinachoogopwa, na mimi sina raha kuanzia kunakucha.

Kwa hiyo nisikilize. Usimuulize mwanamke bwana yake ni nani kabla hujamuuliza yeye mwenyewe anaogopa nini. Dawa akishaanza, usimwandike kwamba umemaliza. Mrudie akitapika, mrudie akichekwa, mrudie akikuambia haitaki tena. Usimpigie kelele wala usimtangaze kwa watu. Wanaopika pombe ya chang'aa kule chini, wanaoishi kwenye nyumba za laini za wafanyakazi wa chai na hawana ukoo hapa, hao wote ni wako. Mchana wanaonekana wana ulimi mkali, lakini wakifika langoni pale hurudi nyuma kwa neno dogo tu. Kaa nao kwenye benchi, si lazima useme chochote. Watu wasikusanyike tu siku ya mazishi.

Kesho ni siku ya Chelangat. Atakuambia anaweza kwenda peke yake. Nenda naye tu. Koti liko pale nyuma ya mlango, lichukue, asubuhi kutakuwa na baridi. Mungu akupe miguu isiyochoka na mdomo unaojua kunyamaza, na kila nyumba utakayobisha ikufungulie. Na wakikuuliza huko bwana yake yuko wapi, waambie yuko nyumbani, amebandika chai, anamngoja.