Siku Nilipolala Chini Mbele ya Inspekta

Acheni nicheke mimi wa kwanza, maana mukianza nyinyi nitalia: mimi njo yule mwalimu wa Kiingereza aliyelala kifudifudi katika sali, ule ukumbi wa parokia hapa Kindu, mbele ya inspekta, mapadri wawili na wazazi wa watoto, kitambaa cha meza kichwani. Sokoni wananiita Madamu Lala-Chini. Lakini wanaoisimulia wanaanzia katikati, hawajui kama yote ilianza na herufi nne tu.

Inspekta (mgeni, alikuwa ametumwa kwetu toka mbali) alikuja kuona klabu yetu ya Kiingereza, na kama ingemupendeza masomo mengine, shule za jirani, yangeruhusiwa kufungua ya kwao. Mchezo wetu ni huu: naandika herufi ubaoni, watoto wanazigeuza-geuza mpaka wapate maneno, zote zitumike, hakuna kuongeza. Nilikuwa nimetayarisha neno refu la kujionyesha, lakini pale mbele, chaki mukononi, nikabadilisha ghafla nikaandika S, T, O, P. Nilijiambia ni rahisi, watoto watang'aa. Ukweli ni kwamba nilizikumbuka tu, zikanijia zenyewe.

Zilikuwa herufi za dada yangu Mwayuma. Wakati wa vita tulikaa karibu na pale barabara inapokata reli, kwenye kibao chekundu kilichoandikwa STOP, na kwa vile treni haikupita tena, sisi tulikaa chini yake tukichambua sombe, majani ya mihogo, naye Mwayuma (aliyejifunza Kiingereza chake chote kwa radio) ananifundisha: geuza, unapata "post", nguzo, geuza tena, "spot", doa, halafu "pots", vyungu, na "tops", vilele. Kisha akatunga moja ambalo si Kiingereza wala lugha ya muntu yeyote: "psot". Hilo lilikuwa la kuninong'oneza askari wakitokea ao risasi zikianza, maana yake lala chini, usiulize. Alisema muntu akilisikia atafikiri ni mududu. Nililizoea hata nikawa naanguka kabla ya kufikiri. Asubuhi moja Mwayuma akavuka mto kutafuta mihogo ng'ambo. Mutumbwi haukurudi, yeye hakurudi, hatukupata hata wa kuzika.

Basi siku ile ya inspekta watoto walianza vizuri kabisa, "stop", "post", "pots", makofi, "spot", "tops", inspekta anatikisa kichwa kwa furaha, mimi nimevimba kama muntu aliyezaa mapacha. Nikauliza, "Iko ingine?" Nilijua imebaki moja. Riziki, mwanafunzi wangu hodari, akasimama, mukono juu, akafungua kinywa.

Sali ikanyamaza. Si kimya cha watu wanaosubiri. Hata feni nilikuwa sizisikii tena. Na karibu na sikio langu la kushoto, ambako kulikuwa na ukuta tu, sauti ikanong'ona: "Psot."

Nikaanguka. Sikukumbuka inspekta, sikukumbuka miaka yangu, nilijirusha chini ya meza na kitambaa kikanifuata, na jagi la maji ya nanasi, na mikro ya kusemea iliyogonga simenti kwa mulio ambao (mutanisamehe) ulifanana sana na ule tunaoujua wote.

Kumbe nimeangusha sali nzima. Wazazi wote walikwenda chini kwa mara moja, akina mama juu ya akina baba, padri mukubwa chini ya kinanda, na hakuna aliyepiga kelele. Hiyo njo iliyonitisha. Muntu akiogopa analia. Sisi tulilala kimya, pumzi imefungwa, kama watu wanaofanya kazi waliyofundishwa.

Nikainua kitambaa kidogo. Watoto walikuwa wamekaa vilevile kwenye mabenchi, wote wamezaliwa baada ya vita, wanatazama wazazi wao sakafuni bila kuelewa. Riziki bado amesimama, mukono juu. Na inspekta, peke yake kati ya watu wazima, yuko kwenye kiti na suruali inatiririka nanasi.

"Madamu," akasema polepole, "hii pia ni sehemu ya mchezo?"

Watu waliinuka mumoja-mumoja, wakapangusa nguo, wakatoka bila kutazamana. Nilimukimbilia Riziki. "Ulisema neno gani?"

"Nilitaka kusema 'opts', Madamu. Anachagua. Lakini sikusema kitu, ulianguka mbele ya mimi kutamka."

Klabu ikafungwa. Wiki nzima sikutoka nje, nikijilaumu kwamba ni mimi niliyewaangusha watu wazima na kuwarudisha kule wasikotaka kurudi. Mwishoni chumvi ikaisha nyumbani, nikajikaza kwenda dukani kwa Mama Kavira, mufanyabiashara wa Butembo aliyebaki hapa tangu vita vilivyomuchukua bwana yake. Siku ile alikuwa nyuma kabisa ya sali, karibu na mulango, akigawa jus, yale maji ya nanasi. Nikaanza kumuomba musamaha.

"Feza, mwanangu, acha," akasema. "Si wewe uliyetuangusha."

"Mama, kila muntu aliniona."

"Walikuona kwa sababu ulikuwa mbele." Alikuwa anafunga chumvi kwenye kifuko. "Bwana yangu aliniambia, 'Kavira, lala.' Hapa, kwenye shingo, hata joto la pumzi nililisikia. Nikalala. Nilipokuwa chini nilitazama kupitia miguu ya mabenchi nikakuona wewe ungali umesimama, unatabasamu, chaki mukononi."

Nilichukua chumvi yangu nikaenda.

Tangu hapo nimeapa, herufi zile nne sitazikusanya tena ubaoni kwangu. Klabu imefunguliwa upya, mukuu wa masomo ananiuliza kwa nini nakwepa mafumbo mepesi hivyo, namujibu kama watoto wamekua, wanataka magumu. Ila padri mukubwa, tukikutana njiani, hanichekei kama wengine. Ananishika mukono kwa muda murefu, anafungua kinywa kama anataka kuniambia jina la muntu, halafu anakifunga.