Macho Mekundu wa Runzewe

"Mjukuu wa yule bibi? Ataishia kuponda mawe." Ndivyo walivyosema watu wa Runzewe. Leo nina stashahada ya madini na nyumba ya bati la rangi, na waliosema ndio hao wanaowahi kunisalimia. Lakini miaka ile ya tisini tulilala bila kujua kama bibi ataamka.

Enzi hizo kibanda cha video kilikuwa cha turubai. Nje jenereta ilinguruma; ndani jasho, vumbi la machimbo na harufu ya karanga. Katuni iliyotupagawisha ilikuwa ya Kijapani: wanawake wawili, wauaji wa kukodiwa, wakiwindana katika jiji ambalo magaidi walilitegea mabomu. Mmoja alivaa meupe. Mwenzake alikuwa na macho mekundu. Bomu likilipuka, wachimbaji walizomea: "Baruti gani hiyo? Hata shimo la duara la mwenzetu Maganga haifungui!" Masanja, mtafsiri, alisimama kando ya televisheni akigeuza maneno. Kama alijua Kijapani, hatukuuliza.

Nje tuliigiza mahasimu hao kwa bunduki za mabua ya mtama, mimi na rafiki yangu Nyamizi. Kisha vijana wa kibandani wakaanza kumwita bibi yangu Macho Mekundu. Bibi alipikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, moshi ukamla macho. Kwetu jina hilo halikuwa utani. Vikongwe wenye macho kama hayo waliitwa wachawi, wakakatwa mapanga na wauaji wa kukodiwa wasioonekana kwenye televisheni yoyote. Bibi yake Nyamizi aliuawa hivyo, kijijini kwao. Sisi tukawa tunaegemeza kinu mlangoni kila jioni.

Mchana mmoja bibi alijifunga kanga, akaenda kibandani.

"Shikamoo, bibi," Masanja akaruka.

"Marahaba. Huyo mwanamke wako wa macho mekundu, anapikia nini?"

Watu wakaangua kicheko. Masanja hakucheka.

Jioni, picha zilikuwa zile zile, maneno mapya. "Mwangalieni mama huyu! Macho ni moshi, jamani! Kalea yatima kwa moto wa mavi ya ng'ombe, leo mnamwita muuaji? Ndiye anayeingia kutegua bomu!" Kibanda kizima kikapiga makofi. Tangu siku ile vijana walimwamkia bibi kwa heshima, wakimwita Mama Mtegua Bomu. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee.

Watoto wa siku hizi, vidole vyepesi kuliko adabu, wana katuni zote mfukoni, na kila mmoja anatazama peke yake. Juzi mpwa wangu aliipata ile yetu.

"Mjomba, si ulisema huyu shujaa? Soma hayo maandishi ya Kiingereza hapo chini. Bomu katega yeye."

Nilisoma. Kwa elimu yangu, sikuweza kusingizia kwamba sijaelewa. Nikamrudishia simu yake.

Sisi tulikuwa na mtu wa kutudanganya vizuri. Kijijini kwa bibi yake Nyamizi hapakuwa na kibanda.