Duka la Mchina Liko Wazi

Jocelyne Nabintu haamini kitu mpaka akione, na akishakiona bado ataomba akishike. Nyama akinunua huinusa pande zote mbili. Mchungaji akisema ameoteshwa ndoto, yeye humuuliza aliota saa ngapi. Wakongo wenzake wa Yeoville, mjini Johannesburg, humcheka na kumwita Mama Upelelezi, lakini hajali. Ana miaka hamsini na mmoja, ana cherehani mbili zake mwenyewe, na kwa maoni yake hao wanaomcheka wameshalizwa mara nyingi kuliko yeye.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka 2004 alikuwa bado Bukavu, na baba yake alikuwa na redio aliyoiheshimu kuliko padri. Asubuhi moja mtangazaji akasema hali ni shwari, wananchi waendelee na shughuli zao. Mzee akavaa koti, akaenda kazini. Kumbe waasi walikuwa wameshaingia mjini. Mchana wakamrudisha juu ya mkokoteni, amefunikwa shuka la watu wasiowajua, na redio mezani bado inapiga muziki. Jocelyne aliichukua akaitupa chooni. Mpaka leo akisikia mtu anasema mambo ni shwari, huenda kuchungulia dirishani.

Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba wiki moja kabla, Wazungu wa mashirika ya misaada walikuwa wamejaza mizigo kwenye magari yao na kuvuka mpaka kimyakimya. Kila mtu aliwaona, hakuna aliyejiuliza. Basi akajiwekea sheria yake, na alipofika Johannesburg alikuja nayo: usisikilize wanachosema, angalia nani anaondoka.

Kwa miaka tisa sasa anashona mapazia katika duka la Bosi Qiu, ndani ya jumba moja la maduka ya jumla ya Wachina, upande wa chini wa Mayfair. Qiu ni mtu wa Fujian, mwembamba, anakunywa maji ya moto hata Desemba jua likiwaka. Wanazungumza kwa Kiingereza chao cha dukani, chenye Kizulu ndani yake na mikono mingi. Yeye humwita Jocelyne Mama, kama anavyowaita wanawake wote waliompita kilo. Simu yake huiegemeza kwenye majora ya vitambaa, na kuanzia asubuhi mpaka kufunga inamsomea habari za kwao.

Duka la jirani ni la Muhammad, Msomali wa mablanketi, mwenye televisheni inayoonyesha kituo cha Wazungu. Hapo katikati, penye cherehani, Jocelyne husikia habari za pande zote mbili, na hakuna upande unaompendeza.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mwezi wa kwanza wa 2025, televisheni ya Muhammad ilionyesha watu wakikimbia na magodoro kichwani, ikarudia siku tatu. Qiu akachungulia, akasonya.

"Unaona, Mama? Kila siku Afrika ni godoro na moshi. Tukijenga barabara, kamera haiji. Moshi ukitoka, kamera kumi. Hao ni waongo."

"Na wa kwenu, Bosi? Mara ya mwisho wamesema kitu kibaya juu yenu ni lini?"

Qiu akacheka mpaka akamwaga maji. "Mama yako anaweza kuwaambia majirani kwamba una sura mbaya?"

Jocelyne alicheka pia, maana jibu lilikuwa tamu, lakini hakulimeza. Alishaichungulia ile simu. Ilionyesha Wachina wakipanda basi kuondoka Goma, wana bendera ndogo mikononi, wanatabasamu. Wakongo hawakuonekana hata mmoja, isipokuwa dereva. Watu wa mji mzima wamekwenda wapi? Kwa Wazungu, Wakongo walikuwa magodoro. Kwa Wachina hawakuwapo kabisa. Aliona uchungu, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika.

Qiu hakuwa na wasiwasi wowote na serikali ya kwao. Kaka yake alikuwa fundi wa ujenzi Libya mwaka 2011, vita ilipolipuka. Serikali yao ikaleta meli na ndege, ikawaondoa watu zaidi ya elfu thelathini. Kaka mtu alikula tambi za moto baharini, Qiu alipenda sana kuieleza sehemu hiyo. Jocelyne aliuliza nani aliwahesabu hao elfu thelathini. Qiu akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia aliyekulia nyumba isiyo na baba.

Mwezi wa pili, vita ikaanza kushuka kuelekea Bukavu. Na Bukavu kuna mama yake Jocelyne, miaka sabini na sita, mguu mmoja mbovu, anaishi mtaa wa Kadutu na anakataa kuhama kwake. Alikuwa amesema neno moja tu: mtoto wangu akiniambia toka, nitatoka, lakini sitoki kwa sababu ya midomo ya watu. Yaani mzigo wote ulikuwa mikononi mwa Jocelyne, kilomita elfu kadhaa mbali.

Jumatano, Qiu akamwekea simu juu ya meza ya kushonea. "Mama, soma. Ubalozi wetu unasema Wachina wote watoke Kivu Kusini, Bukavu pia. Mwambie mama yako atoke leo."

"Mimi nasoma Kichina tangu lini?"

Jocelyne akaipiga picha ile simu kwa simu yake mwenyewe, akaiomba itafsiri. Ikatafsiri vilevile: raia wote waondoke mara moja. Akajiuliza hiyo programu ya kutafsiri nayo imetengenezwa na nani.

Akaanza kuchambua. Bosi Qiu hajawahi kumpa mtu kitu cha bure, hata mfuko wa plastiki. Kwa nini leo ampe habari? Wiki iliyopita alinung'unika kwamba Jocelyne anapiga simu sana kazini. Labda anataka mama aondoke ili simu zikome. Halafu, si watu wa kwao ndio wanaochimba dhahabu kule milimani? Nani anafaidika mji ukibaki mtupu? Upande wa pili kulikuwa na Gustave, mwenyekiti wa umoja wa watu wa Bukavu hapa Johannesburg, anayetuma sauti kwenye kundi la WhatsApp kila saa: "Bukavu haiwezi kuanguka, ndugu zangu, hizo ni propaganda za wanaotaka madini yetu!" Gustave naye hakumwamini. Gustave hajakanyaga Bukavu miaka kumi na minane.

Akampigia mama yake.

"Baba Cirhuza wa hapa jirani anapeleka familia yake Kamanyola leo mangaribi," mama alisema. "Ameniwekea nafasi moja mu gari. Niende ao nibakie? Sema wewe."

Jocelyne akakumbuka sheria yake. Pale Nyawera, katikati ya Bukavu, kuna duka la Mchina, anauza simu na taa za sola. "Mama, tuma mtu aende kuangalia ile duka ya Mchina. Kama imefungwa, panda gari. Kama iko wazi, unijulishe."

Baada ya saa moja mama akapiga. "Iko wazi. Taa inawaka, na muziki inaimba mpaka njiani."

Jocelyne akashusha pumzi. Basi, Mchina mwenyewe yuko dukani kwake anauza taa, halafu Qiu anakuja kumtisha na matangazo! "Bakia, Mama. Usisumbue mguu bure." Siku nzima hakumsemesha bosi wake ila kwa kazi, na moyoni alijisifu. Wengine wangedanganyika.

Ijumaa asubuhi alipofika, geti la duka lilikuwa limeshushwa. Kwenye simu ukaingia ujumbe wa Qiu: kundi lao la Wachina linasema kuna maandamano Marshalltown dhidi ya wageni, huenda yakafika huku. Yeye atabaki nyumbani, Cyrildene. Funguo ziko kwa mlinzi. Mama afungue, auze kama kawaida.

Jocelyne akaisoma mara mbili. Eish, na yeye ni nani, mwenyeji? Hao waandamanaji wakifika wataagana naye kwa adabu? Alifungua huku anatukana kwa Kishi, lugha ya kwao, akawasha taa, akatoa mapazia nje. Muhammad hakuwa amefungua. Nusu ya maduka ya korido ile yalikuwa wazi, na nyuma ya kila kaunta alikaa Mmalawi, Mzimbabwe, Mkongo. Hapakuwa na Mchina hata mmoja.

Saa nne akaja mteja wake wa Soweto, mama mwenye duka la mapazia. "Mchina yupo leo?"

"Hayupo. Lakini duka liko wazi."

Alilisema jambo hilo huku anapima kitambaa, na mkasi ukamtoka mkononi. Yule mama akamuuliza kama amejikata. Jocelyne alikuwa ameshakwenda nyuma ya majora, anapiga simu. Mara ya kwanza haikuita, wala ya pili. Ya tano ikapokelewa.

"Mama, mu ile duka ya Nyawera, nani iko anauza?"

"Ni ule binti wake wa kazi, Murielle. Juu ya nini?"

"Na Mchina mwenyewe?"

"Aah, ule alishaenda tangu Jumatatu. Murielle anasema magari ilikuja kubachukua bote, majina yao ilikuwa mu liste. Yeye alimuachia funguo."

"Na haukuniambia, Mama!"

"Haukuniuliza Mchina. Uliniuliza duka."

Jocelyne akakaa chini, juu ya vitambaa vya watu. Miaka tisa anafungua duka la mwingine, na hakuwaza kwamba Bukavu kuna mwanamke wa namna yake.

"Baba Cirhuza alishaenda?"

"Tangu ile mangaribi."

"Mama, toka. Toka sasa hivi, nakuomba."

"Na gari gani? Hapa hakuna gari tena. Na ni nani anakuambia? Gustave?"

"Bosi wangu. Aliniambia tangu juzi, kabla ya wewe kunipigia habari ya duka."

Upande wa pili palisikika watu wengi wakipita, na ngurumo nzito kwa mbali, na siku ile Bukavu haikuwa na mvua.

"Aliniambia, Mama, na mimi sikumwamini."

Alingoja agombezwe. Alitamani agombezwe.

"Basi," mama yake alisema, "ngoja nivae viatu."