Usitwange Huku Unaumwa

Mjukuu wangu, nakumbuka siku moja ya zamani za Zaire, hapa hapa Saio, nilipotwanga sombe, majani ya muhogo, tangu asubuhi huku uchungu wa mimba yangu ya kwanza ukinikata kiuno. Nilikuwa mukamwana mgeni, nimeolewa kutoka Butembo, sina ninayemjua. Mama mukwe aliona namna nilivyoegemea kinu, akaelewa. Akafunga mlango wa lupango, ua wa nyumba yetu.

"Endelea kutwanga," aliniambia polepole. "Majirani wakisikia muchi, watajua weye iko muzima."

Kwao uchungu haukutangazwa. Walisema mwenye jicho baya akijua, mtoto anakataa kutoka. Na jicho baya, kwa mukwe wangu, lilikuwa la Mama Furaha wa ng'ambo ya njia, ambaye nyumbani kwake ndiko kulikuwa na baiskeli pekee ya mtaa.

Nikatwanga. Mama yule alikuwa mkali, ningemkatalia vipi? Sombe ikalainika mpaka ikawa kama uji. Mchana maji yakashuka, na rangi yake ilikuwa ya kijani, alama ya mtoto kuteseka tumboni, ila sikuijua. Nikamwonyesha. Akapangusa chini, akasema tungoje jua lipungue, watu waingie ndani kwao.

Tulitoka jioni kwa miguu, tukipita nyuma ya nyumba za watu kama wezi. Kule maternite, hospitali ya kuzalia, mkunga akauliza, "Uchungu ilianza wakati gani?" Mukwe akaangalia ukuta. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri, viungo vyote kamili, na hakulia. Nilingoja alie. Hata leo, mwanangu, kuna saa ambazo bado nangoja.

Mukwe alimwosha mwenyewe, akamfunga katika kikwembe chake cha kwendea ibada. Hakuniomba msamaha, nami sikumwuliza kitu. Tuliendelea kula sahani moja. Nilimchukia, sitakudanganya.

Mimba ya pili, uchungu uliponishika, mikono yangu ilienda yenyewe kwenye kinu. Mukwe akaninyang'anya mchi, akautupa huko. Mama yule wa heshima zake akatoka njiani kichwa wazi, akapiga hodi nyumba kwa nyumba.

"Mukamwana wangu iko naumwa. Mukuje munisaidie."

Alianzia kwa Mama Furaha, na alikuwa analia. Mama Furaha aliinuka pale pale. Alitoa baiskeli, akanikalisha nyuma, akaisukuma mwenyewe mpaka maternite. Mtoto wa siku hiyo ndiye mama yako.

Sasa weye unavaa koti katika jua hili, na ukiulizwa unasema umenenepa. Haya, wadanganye wengine. Nenda ukapimwe wiki hii, tumbo lingali dogo, na mume wako aende pamoja nawe, asikie kwa masikio yake. Mtafute mapema mtu wa kukufikisha maternite. Uchungu ukianza, sema, hata kwa yule usiyempenda. Ukiona damu, au maji yakishuka, usingoje jua lipungue. Na ukishazaa, moyo ukiingia giza, sema vilevile, maana mimi nilinyamaza na huzuni ile ikanila miaka.

Sogea nikuwekee mkono tumboni. Mungu akufungue salama, akuache uzeeke ukimwona utakayemzaa. Na siku hiyo, mwanangu, akupe kusikia kilio.